Umeinua Gari, Usukani Je?

Maswali ya wasomaji: ekseli ya mbele na usukani

Mhariri, salaam. Nina Land Cruiser HZJ79 ya kubebea watalii, chesisi imerefushwa. Nimeweka koili na shokapu za kuinua milimita 50. Tangu siku hiyo gari halitulii kwenye lami, naling'ang'ania njia nzima. Nikikata kona usukani haurudi wenyewe. Halafu magurudumu ya mbele yametokeza zaidi upande mmoja. Wili alaimenti nimefanya mara mbili bila nafuu. (Dereva, Arusha)

Ndugu dereva, una matatizo mawili, na yote yameletwa na zile milimita 50. Wili alaimenti haikukusaidia kwa sababu kwenye ekseli nzima kama yako (bomba moja toka gurudumu hadi gurudumu), kinachorekebishika kwa spana peke yake ni tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele na kuamua namna matairi yanavyotazamana. Tatizo lako haliko hapo.

La kwanza ni kasta. Ukilitazama gurudumu kwa ubavuni, mstari unaopita kwenye beringi ya juu na ya chini ya kingpini, egemeo ambalo gurudumu hugeukia, haukusimama wima. Kwa juu umelala kidogo kuelekea nyuma. Mlalo huo ndio unaorudisha usukani baada ya kona na kulifanya gari lishike njia. HZJ78 na HZJ79 zilipopewa koili mbele mwaka 1999, ekseli ilishikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma hadi kwenye chesisi. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, kwa hiyo mkono ukiinama, ekseli inazunguka nao. Chesisi ikipanda, kingpini inaelekea mbele kwa juu na kasta inapungua. Hesabu yake haina ugumu: gawa mwinuko kwa urefu wa mkono, kisha zidisha kwa 57. Mwinuko wa milimita 50 kwa mkono wa milimita 900 unakula karibu digrii 3. Ekseli za namna hii hutoka kiwandani na digrii chache tu, kwa hiyo ulichobakiwa nacho kiko karibu na sifuri.

Pima kwanza, na pima gari likiwa na mzigo wake wa kawaida: tangi la dizeli limejaa, viti na friji vipo ndani. Gereji yenye sahani za kuzungushia magurudumu itakupa namba kamili. Kama hauko karibu na gereji hiyo, weka kipima pembe juu ya sehemu iliyochongwa bapa kwenye stabu (kichwa cha ekseli kinachogeuka pamoja na gurudumu), uandike namba, ufanye kazi, kisha upime tena palepale. Hutajua kasta yenyewe ni ngapi, lakini utajua kwa hakika umeirudisha kwa kiasi gani.

Njia za kuirudisha ni mbili zinazofaa. Ya kwanza ni bushi (pete laini zinazozunguka bolti) zenye tundu la pembeni, nne kwa jumla, mbili kwa kila mkono upande wa ekseli. Zinatolewa na kuingizwa kwa presi, nyundo inazichana. Kila bushi ina alama ya kuonyesha mwelekeo, na ukiigeuza, kasta itapungua badala ya kuongezeka. Hili hutokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyokubali. Ya pili ni kuteremsha ncha ya mkono iliyoko kwenye chesisi kwa mabano ya kufunga kwa bolti. Njia hii inaacha bushi za kawaida zifanye kazi yake, lakini mabano yananing'inia na yatagonga mawe. Kwa gari la mbugani linalopita makorongo, mimi ningechagua bushi, na ningechagua za mpira. Zile ngumu za plastiki zinaizuia ekseli isijipinde gurudumu moja linapopanda, na nguvu hiyo inahamia kwenye masikio ya ekseli mpaka yapasuke.

Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira unabaki umesokotwa maisha yake yote na utachanika mapema.

Tatizo la pili ni rodi ya panhadi, ile inayokatiza toka chesisi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili. Gari likipanda, rodi inasimama zaidi na kuivuta ekseli kuelekea upande ambao imefungwa kwenye chesisi. Chukua rodi ya milimita 850 ambayo ncha zake zilipishana kwa kimo milimita 80. Zikipishana 130, ekseli imehama milimita 6. Ndiyo maana magurudumu yako yametokeza upande mmoja. Weka panhadi yenye urefu unaorekebishika, gari likiwa kwenye sakafu tambarare, upime toka ubavu wa chesisi hadi ukingo wa ringi pande zote mbili. Tofauti ikifika milimita 3 au chini yake, funga nati.

Baada ya kuisogeza ekseli, usukani utakaa upande. Usiung'oe usukani ukaurudishe ukiwa umenyooka! Stelingi boksi (giaboksi ya usukani) imetengenezwa iwe na mbano zaidi katikati kabisa ya mzunguko wake. Gari likienda moja kwa moja huku boksi likiwa nje ya katikati, utapata mchezo ambao hakuna tairodi mpya itakayouondoa. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho ukihesabu, rudi nusu, kisha rekebisha urefu wa dragilinki (fimbo inayotoka upande wa boksi hadi kwenye gurudumu) mpaka magurudumu yanyooke. Tairodi ndiyo ya mwisho kuguswa, kwa sababu kila ulichofanya kabla yake kinaibadilisha.

Hamjambo wahariri. Niko na Hilux LN106 double cab, springi bapa, imeinuliwa milimita 100 na tairi za inchi 33. Nikipita tuta ama shimo, usukani unajikata wenyewe, na nikifunga breki ghafla inavuta. Fundi anasema tukunje dragilinki ama tuikate tuongeze kipande na welding. Ni sawa? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, ndugu yetu. Usikubali dragilinki ikatwe na kuchomelewa, wala kukunjwa kwa moto. Chuma cha usukani kikishapashwa moto hovyo kinapoteza ugumu wake kandokando ya mchomeo, na kitakatika hapo bila kukuonya.

Fundi wako ameona kitu cha kweli, ila dawa yake siyo. Kwenye LN106 mkono wa pitmani, ule unaotoka kwenye stelingi boksi, unakwenda mbele na nyuma, na dragilinki inafuata urefu wa gari hadi kwenye stabu ya upande wa dereva. Ekseli inapopanda na kushuka inafuata njia inayoamuliwa na springi. Ncha ya dragilinki inafuata njia yake nyingine. Gari likiwa chini njia hizo zinakaribiana. Ukiongeza milimita 100 zinaachana, na tofauti yake ndiyo inayogeuza gurudumu. Breki nayo inaisokota springi, ekseli inajizungusha kidogo, na kwa kuwa rodi inavuta kwa urefu, msokoto huo unafika moja kwa moja kwenye usukani.

Tiba ya kudumu ni kubadili usukani uwe wa kukatiza: boksi ambalo pitmani yake inakwenda kulia na kushoto, na dragilinki ndefu inayovuka mbele ya gari hadi stabu ya upande wa pili. Boksi linalofaa ni la Hilux au Hilux Surf za miaka hiyo zenye mbele ya kujitegemea (kila gurudumu na mikono yake, bila ekseli nzima), na linapatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika Japani. Chukua la usukani wa kulia, na lije na pitmani yake.

Utahitaji pia mikono miwili ya juu ya stabu, bomba nene la tairodi na la dragilinki, tairodi endi nne (mbili za uzi wa kulia, mbili za uzi wa kushoto), bamba la kufungia boksi, bolti za daraja 10.9, shafti ya usukani yenye krosi, na mipira ya hidroliki ya urefu mpya. Kwa bomba, kipenyo cha milimita 32 chenye unene wa ukuta wa milimita 6 kinatosha kwa tairi zako. Bomba la maji au la geti halifai hata kwa majaribio.

Anza na stabu. Juu ya kila moja kuna stadi nne zenye washa za koni. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya stadi, piga pembeni kwa nyundo ya shaba, koni zitaruka zenyewe. Ukizichokonoa kwa bisibisi utaharibu mashimo. Chini ya kifuniko kuna shimu, yaani bati nyembamba za kuweka nafasi. Zitunze kwa upande wake, zipime unene, uandike. Shimu hizo ndizo zinazoweka mbano wa beringi za kingpini na kuikalisha sivi jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona) katikati. Zikichanganyika, utasikia mlio ukikata kona na hutajua umetoka wapi. Mkono mpya unakaa mahali pa kifuniko na unabeba beringi ya juu. Mkono wa zamani wa chini unabeba beringi ya chini, kwa hiyo ukiutoa lazima uweke kifuniko mahali pake.

Kaza nati za juu hadi N·m 96, kisha funga mizani ya springi kwenye tundu la tairodi la mkono, uvute stabu ikiwa haina tairodi. Ianze kugeuka kwa kilo 3 hadi 6. Ikigeuka kwa nguvu pungufu, toa shimu, ikigoma, ongeza. Nati hizi hulegea zikizoeana na koni, hivyo zirudie baada ya kilomita 500. Ukizisahau, stadi zitakatika moja baada ya nyingine, na hapo huna usukani kabisa.

Boksi ndilo linalohitaji mchomeaji mwenye mkono mzuri. Chesisi ina uwazi ndani. Ukipitisha bolti tupu na kukaza, ukuta unabonyea, bolti inalegea, na baada ya miezi michache utaona ufa. Toboa, pitisha vipande vya bomba toka ukuta hadi ukuta, vichomelee pande zote mbili, kisha bolti zipite ndani yake. Weka bamba la milimita 6 nje. Kabla ya kuchomelea chochote, tenganisha betri na ujaribishe boksi kwa kulishikilia: likiwa katikati ya mzunguko wake, pitmani ielekee sambamba na chesisi, na dragilinki iikute kwa pembe ya digrii 90. Ukikosea hapo, gari litakata zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Sasa kwa nini yote haya? Hesabu inaonyesha. Dragilinki ya milimita 900 ambayo ncha zake zinapishana kimo milimita 150, ekseli ikipanda milimita 75, ncha yake inasogea pembeni karibu milimita 9.5. Kwa mkono wa stabu wa milimita 150, hiyo ni zaidi ya digrii 3 za gurudumu kugeuka bila wewe kugusa usukani. Ukiilaza rodi hiyohiyo mpaka ncha zipishane milimita 50 tu, mwendo huohuo wa ekseli unaisogeza milimita 1. Mikono ya juu ndiyo inayoilaza. Inapandisha pia tairodi juu ya springi, mbali na mawe, lakini hiyo ni faida ya ziada.

Kagua nafasi kabla ya kuingia barabarani. Inua ekseli kwa jeki upande mmoja mpaka igonge raba yake ya kikomo, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, rudia upande wa pili. Pasipungue milimita 15 kati ya rodi na springi, sampu na chesisi. Halafu rekebisha bolti za kikomo kwenye stabu ili magurudumu yasimame kabla boksi halijafika mwisho wake. Bila hivyo, nguvu yote ya hidroliki inaishia kwenye shafti ya boksi na kwenye ile chesisi uliyoitoboa.

Hidroliki jaza ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki), magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa. Zungusha polepole mara 20 hivi ukiongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe, ndipo uwashe. Ukiwasha mapema pampu inapiga mapovu yawe povu zito, na utangoja saa nzima litulie.

Jambo moja la mwisho kwako. Ukiona kasta nayo imepungua, kabari za chuma chini ya springi zitairudisha. Kwenye Hilux springi iko juu ya ekseli, kwa hiyo upande mnene wa kabari uelekee nyuma. Kwenye Land Cruiser HZJ75, ambayo springi yake iko chini ya ekseli, uelekee mbele. Usitumie kabari za alumini mbele, zinapondeka. Na usizidishe: kila digrii unayoongeza inainamisha pua ya difu, na krosi za propela ya mbele zitaanza kulalamika.

Shikamoo mhariri. Gari langu la ekseli nzima likifika kilomita 70 kwa saa usukani unatikisika mpaka nisimame. Nimeambiwa niweke shokapu ya stelingi iliyo nzito zaidi. Nisaidieni. (Mama mwenye gari, Dodoma)

Marahaba, mama. Shokapu hiyo itanyamazisha mtikisiko kwa wiki chache huku kilichochakaa kikiendelea kuchakaa. Ing'oe hata ile iliyopo kabla ya kukagua, ili tatizo lijionyeshe wazi.

Mwambie mtu azungushe usukani kushoto na kulia, nusu robo ya mzunguko, injini ikiwa inaunguruma na magurudumu yako chini. Fundi awe chini ya gari, mkono ukiwa juu ya kila kiungo kwa zamu: kwanza bushi za panhadi pande zote mbili, kisha tairodi endi, kisha boksi lilipofungwa kwenye chesisi. Kinachocheza kitahisika mkononi kabla hakijaonekana kwa macho. Panhadi ndiyo inayosahaulika zaidi, ingawa tundu la bolti lililopanuka hata milimita 1 linatosha kuanzisha mtikisiko wa namna yako.

Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingpini. Mwisho kabisa ndiyo balansi ya matairi, hasa kama ni ya matope yenye vinundu vikubwa. Shokapu mpya irudi baada ya hayo yote, ya kawaida inatosha.

Assalaam aleikum. Tunaendesha pikapu za Land Cruiser 79 kwenye mchanga wa Sharqiya, huku Oman. Vijana wanabadilisha tairodi endi na kuweka rodi endi za duara za magari ya mashindano, na pitmani zilizoinamishwa. Mnashauri nini? (Msomaji, Maskati)

Waaleikum salaam. Rodi endi za duara ni imara na zinajipinda sana, lakini hazina kifuko cha grisi. Mchanga mlaini unaingia moja kwa moja kati ya tufe na ganda lake na kulisaga kama msasa. Gari la mashindano hubadilishiwa vipuri hivyo kwa ratiba, na fundi wake analikagua kila likirudi. La kutembelea halipati uangalizi huo. Baki na tairodi endi za ukubwa unaostahili, zenye mpira mzima na nipeli ya grisi. Kwa vyovyote, sehemu ya uzi iliyoingia ndani ya bomba isipungue mara moja na nusu ya kipenyo chake.

Pitmani iliyoinama ni suala jingine. Kwenye gari lenye koili, dragilinki na panhadi lazima zilale kwa mteremko mmoja, zikikaribiana kwa urefu, ili ekseli na usukani vifuate njia moja. Mkiinamisha pitmani peke yake, dragilinki imelala na panhadi bado imesimama, na usukani utajikata kwenye kila tuta la mchanga. Kama mnateremsha kimoja, teremsheni na sikio la panhadi kwenye chesisi kwa kiasi kilekile, na lipewe mshazari wa kulitegemeza kwa sababu linabeba nguvu yote ya pembeni.

Je, naweza kupima matairi yanavyotazamana bila kwenda gereji? (Msomaji, Kigoma)

Unaweza, na kwa ekseli nzima utapata usahihi wa kutosha. Inua mbele, paka chaki katikati ya kila tairi, zungusha tairi huku ukishikilia msumari bila kutikisika mpaka uchore mstari mwembamba. Shusha gari, lisukume mbele mita 2 ili springi zitulie, magurudumu yakiwa yamenyooka. Weka alama kwenye mistari upande wa mbele, kimo cha habu, upime umbali kati yake. Lisukume tena mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma kwa kimo kilekile, upime tena. Difu ikikuzuia, ning'iniza uzi wenye nati toka kila alama, upime chini kwenye sakafu.

Namba ya mbele iwe pungufu ya nyuma kwa milimita 1 hadi 3. Ili kurekebisha, legeza klampu zote mbili za tairodi na uzungushe bomba lenyewe; lina uzi wa kulia ncha moja na wa kushoto ncha nyingine, hivyo linarefuka au kufupika bila kung'oa kitu. Kabla ya kukaza klampu, hakikisha tairodi endi zote mbili zimelala kwa pembe moja. Moja ikiwa imeegemea mbele na nyingine nyuma, rodi haiwezi kujizungusha kidogo gari linapojipinda, na mpira wa kifuko utachanika ndani ya safari chache.